Aliyekaa Dawati la Nyuma

Ndugu, jamaa na majirani, walimu wenzetu na ninyi mliowahi kuwa wanafunzi wake, poleni kwa msiba na asanteni kwa kusimama nasi juani. Mimi ni kitinda mimba wa marehemu, na aliyeamua jana kwamba nisome mimi ni mjomba, kwa sababu eti mwalimu hashindwi kusoma mbele ya watu, kaka na dada wakakubali upesi kuliko kawaida yao, nami naomba mnivumilie, kwa maana karatasi hii inatetemeka na hakuna upepo. Wengine mnajua, na wasiojua ni heri wajue sasa, kwamba mimi ni mwalimu wa miezi minane tu, bado niko katika muda wa majaribio, nimekaguliwa darasani mara mbili na mara zote mbili nimeanguka, ukaguzi wa tatu na wa mwisho umepangwa keshokutwa Alhamisi, na huo ndio utakaosema kama nathibitishwa kazini au narudi nyumbani. Kwa hiyo anayewasomea hapa ni mtu mwenye hofu, na marehemu asingependa niifiche.

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1966, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto sita wa fundi wa mabehewa na mkewe aliyekuwa mkunga. Bibi alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alikuwa mwoga tangu tumboni, kwamba alichelewa kutoka mpaka watu wakakata tamaa, na alipotoka alianza kulia kabla hajaguswa. Mjomba, ambaye ndiye mdogo wake anayemfuata, anasema dada yake aliogopa bata, aliogopa king'ora cha karakana, aliogopa hata kupelekwa kwa jirani kuomba chumvi, na bado yeye ndiye aliyetangulia kila walipotumwa njia ya makaburini, akimshika mdogo wake mkono huku kiganja chake mwenyewe kimelowa jasho. Mjomba anasema alikuja kugundua ukubwani tu kwamba wakati wote ule yeye ndiye aliyekuwa akimsindikiza dada yake.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa wafanyakazi wa reli kuanzia mwaka 1973 hadi 1979, akajiunga na sekondari ya bweni ya wasichana mwaka 1980 na kuhitimu mwaka 1983, akitapika asubuhi ya kila mtihani na kufaulu kila mtihani, mpaka matroni wa bweni akawa anamwekea ndoo mlangoni bila kuulizwa. Mwaka 1984 alichaguliwa kwenda chuo cha ualimu, akahitimu mwaka 1986, na wazazi wake walipoulizwa kwa nini mtoto anayeogopa watu anapelekwa kusimama mbele ya watu, babu alijibu kwamba watoto si watu, ni watoto, jibu ambalo mama alilikataa maisha yake yote.

Aliajiriwa rasmi tarehe 12 Januari 1987, katika shule ya msingi ile iliyoko mkabala na kituo cha polisi, na hapo ndipo alipofanya kazi mpaka mwisho wake, bila kuhama. Siku hiyo ya kwanza mwalimu mkuu wa wakati huo alimpa boksi la chaki, akamwonyesha mlango kwa kidole, akamwambia utazoea, akarudi ofisini kwake. Darasani kulikuwa na watoto wanaokaribia sabini, wamekaa wanne wanne katika madawati ya watu wawili, wote wakimtazama, na mama aliandika tarehe ubaoni, akageuka, akaona yale macho. Aliwaambia watoto kwamba anakwenda kuchukua kifutio, akatoka, akaingia katika stoo ya ramani, akafunga mlango na kukaa chini kati ya ramani zilizoviringishwa, akisubiri mtu aje amtafute. Hakuna aliyekuja. Kipindi kiliisha, kengele ikalia, akatoka mwenyewe, na katika ofisi ya walimu hakuna aliyemuuliza kitu, mmoja akamkaribisha chai, mwingine akamsifu kwamba darasa lake halikuwa na fujo sana. Alitusimulia mkasa huo mara nyingi tukiwa wadogo, na kila mara alisema kwamba kilichomtisha si wale watoto, kilichomtisha ni kujua kwamba angeweza kukaa katika ile stoo mwaka mzima na hakuna mtu ambaye angebisha hodi.

Tarehe 1 Desemba 1990 alifunga ndoa na baba yetu, fundi wa mitambo ya maji, ambaye mnamwona amekaa pale mbele na kofia yake magotini. Baba anasema alimchumbia kwa miaka miwili kwa sababu kila akitaka kujibiwa, mchumba alisema ngoja kwanza nitulie, na siku ya harusi alitulia kwa kumshika baba mkono kwa nguvu mpaka pete ikamwumiza. Walijaliwa watoto watatu, kaka yetu mkubwa mwaka 1992, ambaye ni dereva wa malori ya masafa marefu, dada yetu mwaka 1995, ambaye ana duka la vipuri na ana kauli ya mwisho katika kila jambo, na mimi mwaka 2000, niliyekuja wakati wenzangu walishadhani mlango umefungwa.

Mwaka 1998, baada ya kuona walimu wapya watatu wakiacha kazi mfululizo, mmoja wao akiwa ameacha hata mwavuli wake mezani, mama aliomba apewe jukumu la kuwa mwalimu mlezi, yaani yule anayempokea mwalimu mpya, anayemwonyesha shule na utaratibu wake, anayekaa naye juu ya maandalio ya masomo, anayeingia darasani kwake kumwangalia, na anayetoa alama zake mwisho wa mwaka wa majaribio. Alipewa upesi, kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi isiyoongeza mshahara. Katika ofisi ya walimu alilipiga marufuku neno utazoea, na kuna msemo mmoja aliouchukia kuliko yote, ule usemao woga wako ndio umaskini wako, akisema aliyeutunga hajawahi kusimama mbele ya darasa la nne saa nane mchana.

Hapa nifikapo naomba mtulie, kwa sababu sehemu hii familia ilijadiliana kama isomwe au isisomwe, na aliyesema isomwe ni mhusika mwenyewe, ambaye leo ni mmoja wa waliobeba jeneza. Mwaka 2004 aliletwa mwalimu kijana, nadhifu, maandalio yake yamenyooka, ukimuuliza hali anasema niko sawa, na darasa lake lilikuwa limetulia kiasi kwamba wenzake walimpachika jina la Bwana Kimya. Siku ya kumpima, mwalimu mkuu alikuwa na wageni, kwa hiyo viti viliwekwa mbele, pembeni ya ubao, mama naye akakalishwa huko na wakubwa, akaona nyuso zimetulia, mikono imekunjwa, hakuna hata anayekohoa, akampa alama za juu kuliko alizowahi kumpa mwalimu yeyote mpya. Wageni walipiga makofi. Mwezi uliofuata mtoto mmoja wa kike wa darasa hilo alianza kutoonekana, nyumbani anaaga anakwenda shule, shuleni hafiki, mpaka alipokutwa amejikunyata nyuma ya kibanda cha mlinzi, amejikojolea, na hakuna aliyeweza kumtoa neno.

Mama alimwomba Bwana Kimya ruhusa ya kurudi darasani kwake, na safari hii alikwenda moja kwa moja nyuma kabisa, akajibana katika dawati la mwisho pamoja na watoto. Akiwa pale nyuma hakuona uso wa mtu, aliona visogo na mabega tu, na Bwana Kimya alipogeuka kutoka ubaoni na rula yake mkononi, mabega ya darasa zima yalipanda juu kwa pamoja na kubaki hapo. Alitueleza kwamba hajawahi kuogopa maishani mwake kama alivyoogopa dakika ile, kwa maana kijana hakuwa amempiga mtoto hata mmoja, alikuwa akigonga rula mezani tu, na uso wa mtoto unaweza kufundishwa kutulia lakini mabega hayafundishiki. Alimfuata kijana baada ya kipindi, akamkuta chooni anatapika, kama alivyokuwa akitapika kila asubuhi tangu aajiriwe, kwa sababu aliambiwa na mkubwa fulani kwamba mwalimu mpya mwenye darasa la kelele hathibitishwi. Hofu ya mkubwa ilishuka kwake, naye akaishusha kwa watoto, na mama mwenyewe, mtu aliyeufahamu woga tangu tumboni, alikuwa ameketi mbele na kuipigia muhuri.

Alikwenda kwa mwalimu mkuu akasema zile alama ni kosa lake, zifutwe. Akajibiwa kwamba zimeshapelekwa juu, aachane nazo, mbona kijana mzuri tu. Mama yetu, huku sauti inatetemeka, alisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na akaongeza kwamba yeye hatoki katika ofisi ile mpaka jambo limekwisha, akaketi, na hakutoka. Alivuliwa ulezi wa walimu kwa mwaka mzima, na Bwana Kimya akarudia mwaka wa majaribio, lakini ingawa alikuwa amevuliwa, mama aliendelea kwenda kukaa katika dawati lake la nyuma, kila wiki, bila cheo, mpaka siku aliyoona mabega yamekaa chini na mtoto wa mstari wa tatu anamtania mwalimu wake. Yule mtoto wa kike alirudi. Tangu wakati huo, kila mwalimu mpya aliyefika, mama alianza kwa kumwalika yeye kwanza akakae nyuma, ampime mama akifundisha, na amwambie wazi alipokosea, na walimu mliopitia mikononi mwake, ambao nawaona mmejaa hapa, mnakumbuka kwamba katika vipindi hivyo alikuwa akiloa jasho kweli, hakuwa akiigiza. Mlimwita Mama wa Nyuma, na alilipenda jina hilo kuliko cheo chochote.

Maradhi ya tumbo yalimwanza mwezi Februari mwaka huu, yaani mwezi uleule nilioajiriwa mimi, katika shule iliyo upande wa pili wa mji. Alikuwa na walimu wapya watano wa kuwatazama kabla ya mwisho wa muhula, akasema maumivu ni ya gesi, akatafuna vidonge, akaficha, na alipokuja kulazwa tarehe 19 Juni alituwahi kabla hatujamsema, akatuambia akiwa amelala kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, msihangaike kunitafutia methali. Dada alicheka huku analia. Daktari alitueleza kwenye ukumbi, pembeni ya mashine ya maji ya kunywa, kwamba uvimbe umeshaenea, na mimi nilichokiona ni mdomo wa daktari unaokwenda tu, sikusikia kitu tena.

Mganga hajigangi, na mtoto wa mwalimu mlezi hakuwa na mlezi. Katika shule yangu niliyekabidhiwa kwake ni mzee mwema anayekaribia kustaafu, aliyenipa chaki na kuniambia utazoea. Ukaguzi wa kwanza, mwezi Aprili, nilifundisha kipindi chote nikiutazama ubao. Ukaguzi wa pili, mwezi Julai, nilikwama katikati ya sentensi, nikanyamaza mbele ya watoto hamsini na mkaguzi mmoja, na ule ukimya ulikuwa mrefu kiasi kwamba mtoto mmoja alinionea huruma akaomba kwenda chooni ili kitu chochote kitokee. Nilimficha mama. Dada, ambaye hajui kuficha, akamwambia.

Jumamosi iliyofuata mama aliniamuru nije wodini na somo langu, somo lilelile lililonishinda, la kugawanya sehemu kwa sehemu, nikadhani nitamweleza kwa sauti ya chini pembeni ya kitanda, kumbe ameshawaalika wagonjwa wengine watano na muuguzi wa zamu. Nilisimama katikati ya wodi ile, kati ya vitanda, nikasema nusu ukiigawa kwa robo unapata mbili, na mgonjwa wa kitanda cha dirishani, mwanamke fundi wa mapazia, akanyoosha mkono wenye dripu, akauliza inakuwaje, maana yeye amegawanya vitambaa maisha yake yote na hajawahi kugawanya kitu kikaongezeka. Nilimtazama mama anisaidie, naye akatazama dari. Niliondoka pale nimekasirika na aibu imenijaa, lakini Jumamosi iliyofuata nilirudi, nikamwuliza fundi, ukiwa na nusu mita ya kitambaa na kila kipande kinataka robo mita, utatoa vipande vingapi, akasema viwili, nikasema basi ndiyo hiyo mbili, na yeye akasema mbona hukusema hivyo tangu mwanzo, wodi nzima ikacheka, mimi nikiwamo. Tuliendelea hivyo Jumamosi zote, wagonjwa wakibadilika, wengine wakienda nyumbani, wengine wakienda kule ambako tulifunga pazia bila kusema, na mimi nikiogopa kila mara kama mara ya kwanza.

Mjomba na wazee wa ukoo walinishauri niandike kwamba mama alikabili mauti kwa ujasiri na utulivu. Wazee wangu, naomba radhi, siwezi kuandika hivyo. Mama aliogopa. Siku zile za mwisho alituambia wazi kwamba anaogopa, alimshika baba kama alivyomshika siku ya harusi, alitaka taa isizimwe, alitaka mtu mmoja wetu awe anaonekana wakati wote, na alipoambiwa ajikaze alijibu kwamba yeye hakuwahi kumwambia mwalimu yeyote ajikaze, kwa hiyo na yeye asiambiwe. Nami niliogopa kwa kumwona yeye anaogopa, kwa sababu mtoto, hata akiwa na miaka ishirini na mitano, hudhani kwamba mahali mama alipo pana mtu mkubwa.

Juzi Jumapili, tarehe 5 Oktoba, mchana, saa ya kutazama wagonjwa, alinishika nguo akaniambia kwa sauti iliyobaki kwamba nimfundishe. Nikamwuliza nikufundishe nini, mama, akasema chochote, ukifundisha nasahau kidogo. Nilisimama pale mbele ya kitanda chake, machozi yananitoka, nikaanza kugawanya sehemu kwa sehemu, sauti inakatika nairudisha, na nilimwona ananifuata kwa macho, na mabega yake, ambayo yalikuwa juu tangu asubuhi, yanashuka taratibu kwenye mto. Nilikuwa katika mfano wa pili muuguzi alipokuja akamgusa shingoni, akanitazama, nikaelewa, nikanyamaza. Fundi wa mapazia, ambaye alikuwa amelazwa tena wiki hiyo, akaniambia kutoka dirishani, malizia mwanangu, usimwachie katikati. Basi nilimaliza ule mfano, jibu lilikuwa tatu, ndipo nikakaa chini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa yule muuguzi wa zamu aliyevumilia shule ndani ya hospitali, na wagonjwa wote waliokubali kuwa darasa. Tunawashukuru majirani waliobeba maji, viti na sufuria na kulala nasi, wafanyakazi wenzake baba waliochimba kaburi, madereva wenzake kaka walioleta jamaa kutoka mbali, na walimu wote wa shule yake, ambao leo asubuhi nimeambiwa mmegawana wale walimu wapya watatu aliokuwa hajawamaliza, msiwaache peke yao.

Wa mwisho wa kushukuriwa ni wewe, mwalimu mkuu wa shule yangu, uliyesimama pale nyuma. Jana ulimtuma kaka aniambie kwamba kwa ajili ya msiba huu ukaguzi wangu wa Alhamisi utasogezwa mpaka muhula ujao, na mimi nilipoambiwa nilifurahi, nilifurahi sana, nililala usingizi wa kwanza tangu Jumapili. Asante kwa wema huo, lakini naomba usiusogeze. Mama alilala nikiwa natetemeka hivi hivi na somo lilimfikia, na wale watoto wa darasa la tano hawajanikosea kitu hata wangojee mpaka niache kuogopa. Njoo Alhamisi, kipindi cha tatu.

Mama, naogopa, na nitaingia. Pumzika kwa amani.